Matela Niliyoichagua Masisi, Wakaipasua Walikale

Nilimunyang'anya Bwana Jerani, musimamizi wa nyumba ya wageni, kalamu mukononi. Najua huko kwenye chumba cha mashuka mulisikia mambo mengine: kwamba nilimupiga, kwamba nilimutemea mate, kwamba mutoto wangu alikojoa juu ya karatasi zake. La mutoto ni kweli, lakini lilikuja nyuma. Ya kwanza ni kalamu. Alikuwa anaandika ndani ya buku yangu ya kazi, ile buku ambayo ukiikosa hakuna muzungu wala misioni atakayekupa hata ufagio, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, Josefu mugongoni, nikisoma maneno yake yakiwa yamepinduka. Hakujua kama naweza. Kwetu tulikuwa watoto sita na kitabu kimoja, basi kila mumoja alijifunza kusoma kutoka upande aliokaa.

Aliandika kwa Kifaransa: "Si mwaminifu." Akachovya kalamu, akaongeza: "Na hana akili ya kazi."

Hapo njo niliikamata.

"Bwana," nikamwambia, "chagua moja."

"Unasema nini?"

"Chagua moja. Kama nilishona mifuko mia sita ndani ya matela ili niibe, basi nina akili kuliko kompani yote. Kama sina akili, basi sikuiba. Hayo mawili hayawezi kukaa ndani ya muntu mumoja."

Alitazama vidole vyake vitupu kama vile vimemutoroka. Mimi wino ulinitiririka mpaka kwenye mukono wa blauzi. Doa lile halijatoka, na mimi ndiye niliyefundisha watu wa nyumba ile kutoa wino kwa maziwa yaliyochacha. Basi mujue: si kila mara inafaa.

Siku ile miaka yangu nane ya kazi iliisha. Mimi naita kustaafu. Yeye anaita kufukuzwa. Watu wa kanisani wanacheka, wanasema kustaafu ni kwa wazee, na mimi nina miaka ishirini na sita na meno yangu yote. Wacheke. Ninyi wawili mulioingia nyuma yangu mulinitumia ujumbe niwaandikie kazi inafanywa namna gani, maana hakuna aliyebaki wa kuwaonyesha. Nitawaandikia. Lakini siwezi kuandika juu ya mashuka na kuacha ile matela, lile godoro la Ulaya, na juu ya matela ile kuna mambo ambayo mpaka leo siyaelewi. Nitayasema jinsi yalivyofuatana, labda ninyi mutaona kitu nisichokiona.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka kwa masista, sekondari ya miaka mitatu, najua hesabu, najua kushona, najua jina la mito ya Ubelgiji ambayo hakuna aliyeniuliza tena. Nyumba ya wageni ya kompani munaijua: juu ya mulima, baridi ya Masisi inaingia chini ya mulango, na mashamba ya maharagi ya watu wetu yanafika mpaka kwenye uzio. Siku ya kwanza Madame, bibi ya Bwana Jerani, aliniambia nitandike kitanda cha mugeni mumoja aliyekuja kuangalia ng'ombe. Nilitandika vile masista walivyonifundisha, shuka imevutwa, pembe zimekunjwa kama bahasha. Nilivuta sana. Asubuhi tulimukuta mugeni amelala juu ya blanketi na koti lake na viatu. Alisema alijaribu kuingia, akashindwa, akafikiri kitanda ni cha kuangalia tu. Madame alinikaripia. Papa Zakaria alicheka mpaka akakaa chini.

Papa Zakaria alikuwa fundi wa matela. Muntu wa Kibua, huko Walikale, mutoto wa muwindaji, lakini misioni ilimufundisha sindano na yeye akaipenda kuliko mukuki. Yote ninayojua juu ya kitanda ni yake. Wakati ule matela zetu zilikuwa za majani makavu kwa wageni wadogo, kapoki, ile pamba ya muti, kwa wageni wa kawaida, na sufu kwa wale ambao Madame alivaa viatu vyake vizuri kuwapokea. Kila miezi sita tulifungua zote. Majani tulichoma, kapoki tulianika, sufu tulichambua kwa ubao wenye misumari ambao Papa Zakaria aliutengeneza kutoka kasha la sabuni. Halafu tulipiga kwa fimbo ya muti mulaini, si mugumu, maana mugumu unavunja nyuzi. Halafu tulijaza, tulishona kitambaa cha mistari, na kwa sindano ndefu kama mukono wa mutoto tulipitisha uzi kutoka juu mpaka chini, tukafunga vifundo ili ndani kusihamehame. Sindano iliyopinda ni ya pembeni. Musiitumie ile ndefu pembeni, nina kovu.

"Mama," aliniambia siku alipoona nabonyeza matela kwa mukono, "usitumie kiganja. Kiganja kinapenda kila kitu. Tumia kiwiko."

Kwa hiyo kiwiko. Weka kiwiko, weka uzito wako wote, hesabu mpaka kumi, toa, tazama. Shimo likibaki, matela imechoka. Na jambo la pili: lala wewe mwenyewe kwa ubavu, siyo kwa mugongo, halafu pitisha mukono chini ya kiuno. Mukono ukipita kama unapita chini ya daraja, matela ni ngumu. Usipopita kabisa, ni laini mno, mugeni ataamuka amepinda. Mukono unatakiwa upite kwa shida kidogo. Ni hivyo tu. Lakini sijaona muzungu hata mumoja anafanya hivyo. Wao wanakaa pembeni, wanaruka mara mbili, wanasema nzuri.

Kesi ngumu tulikuwa nazo. Moja ni mume na bibi wa shamba la kahawa: bwana muzito kama pipa, bibi mwembamba kama ufagio. Matela ilizama upande wa bwana na bibi alimuporomokea kila mara. Asubuhi alishuka kunywa chai amekasirika, anashika kiuno. Papa Zakaria hakuuliza kitu. Alifungua mushono, akaongeza kapoki upande wa bwana tu, akafunga. Kesho yake bwana njo aliyeporomoka. Tulipunguza, tukaongeza, siku tatu, mpaka wakakaa sawa. Walipoondoka walituachia makopo mawili ya samaki na hawakujua kwa nini wanatushukuru.

Macho ya Papa Zakaria yalianza kukataa uzi wa sindano. Alirudi Kibua, na mimi nikabaki peke yangu na chumba chote. Nikaolewa na mwalimu, nikazaa Josefu, nikarudi kazini naye mugongoni. Madame hakupenda, lakini hakukuwa na mwingine aliyejua kufunga pembe.

Sasa tunafika.

Iliandikwa barua kutoka Ulaya: Bwana Mukubwa wa kompani anakuja kukagua mugodi wa Walikale, njia ya Omate. Muntu wa miaka mingi, mugongo wake uliumia zamani, na kama kitanda ni kibaya hawezi kusimama siku inayofuata. Nyumba nzima ikashikwa na homa. Bwana Jerani akasema matela ya sufu inatosha. Madame akasema haitoshi, akaagiza kwa muchuuzi wa Bukavu matela tatu za Ulaya, tuchague moja, mbili zirudi. Zilikuja juu ya kamiyo, lori kubwa, zimefungwa karatasi kama mikate. Tulizipanga ndani ya salo, sebule ya Madame, tukasogeza meza.

Madame alivua viatu, akalala juu ya kila moja kwa muda wa kukohoa, akasimama.

"Zote nzuri," akasema. "Veneranda, wewe unaonaje?"

Katika miaka saba ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza naonaje. Nikaweka kiwiko. Ya kwanza ilikuwa sufu na nywele za farasi, imeshonwa vizuri sana, ngumu kama sala ya Kilatini. Ya pili ilikuwa na resore, springi za chuma kilichozungushwa, zimefungwa pamoja kwa waya. Ukiweka kiwiko huku, kule kunainuka. Ya tatu ilikuwa nene kupita zote. Juu yake kulikuwa na matela nyingine ndogo ya sufu iliyoshonwa papo hapo, kama muto wa kitanda kizima, na ndani kulikuwa na resore pia, lakini sikuelewa zimekaa namna gani. Kiwiko kilizama na kando yake hakukutikisika kitu.

Ilikuja na kitabu kidogo. Madame akakisoma kwa sauti, mara mbili, halafu mara ya tatu polepole: "Resore zinazojitegemea."

"Zinajitegemea namna gani?" nikauliza. "Zina kazi yao?"

Madame hakucheka. Naye hakujua. Aligeuza kitabu nyuma na mbele, akakiweka juu ya meza.

Josefu alikuwa amelala. Mugongo wangu ulichoka, basi nikamufungua, nikamulaza juu ya ile ya kwanza.

"Utoe mutoto!" Madame akasema. "Matela ya Bwana Mukubwa!"

"Amevaa nguo tatu, Madame. Kaa hapo pembeni yake."

"Kwa nini?"

"Kaa tu."

Nyumbani kwetu kitanda ni kimoja, mume ni muzito, na mutoto akiamuka, nyumba yote imeamuka. Sisi mama wote tunajua kitanda kizuri ni kipi: ni kile ambacho mukubwa anakaa na mutoto hajui. Madame akakaa. Josefu akaviringika kumufuata. Nikamuhamisha ya pili. Madame akakaa, Josefu akapanda juu kama muntu ndani ya mutumbwi, akafungua macho, akalia. Nikamunyonyesha, akalala tena, nikamuweka juu ya ya tatu.

Madame akakaa. Josefu akanyonya mudomo wake.

"Tena," Madame akasema. Akasimama, akakaa kwa nguvu. Hakuna kitu. Akaruka. Mwanamuke wa miaka arobaini na zaidi, na mukufu wake, anaruka juu ya matela, na mutoto wangu amelala kama gunia la unga. Tukacheka wote wawili mpaka mupishi akachungulia. Nikalala kwa ubavu, nikapitisha mukono. Ulipita kwa shida kidogo.

"Njo hii," nikasema.

Siku ile ile nilimusikia akimwambia mume wake, "Nimechagua." Sikujali. Nilifikiri: sote wawili tunajua.

Neno la kazi, kabla sijaendelea. Matela yenye muto wake juu haipinduliwi. Madame aliniambia niipindue kila juma kama zingine. Nikaipindua, na juu kukawa chini, na chini hakukuwa na muto, kulikuwa na kitambaa kigumu kama gunia. Ile unaizungusha tu, kichwani kuwa miguuni. Na nilimwambia Madame jambo lingine: isiende Walikale. Kule musitu unatoa jasho, sufu itakunywa maji. Akasema Bwana Mukubwa analala Walikale, siyo Masisi, kwa hiyo matela itamufuata. Ikaenda. Alilala juu yake siku zake zote za ukaguzi, na akamuandikia Madame kwamba hajalala hivyo tangu aumie mugongo. Barua ile niliiona. Ilikuwa imesimamishwa juu ya kabati mahali ambapo kila mugeni ataiona.

Alipoondoka, Madame akakumbuka jasho la musitu. Nikatumwa na kamiyo kuirudisha, na Josefu, maana ananyonya.

Munajua bariere ya mugodi. Kila kitu kinachotoka kinakaguliwa. Kompani inachimba ule muchanga mweusi muzito, na watu wanauiba: wanautia ndani ya vifuko vidogo vya kitambaa, wanashona, wanaficha ndani ya maharagi, ndani ya unga, ndani ya mito ya kulalia. Kompani yenyewe inabeba udongo wake wa kupima ndani ya vifuko vya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mulinzi wa bariere akiota ndoto mbaya, anaota kifuko cha kitambaa, kimeshonwa, chenye kitu kizito ndani.

Mulinzi alikuwa Evariste. Tuliimba pamoja kanisani Masisi kabla hajapata kazi huko. Hakuwa muntu mubaya, na nasema hivyo hata leo.

"Mama Josefu, karibu! Mutoto amekua. Tushushe hiyo."

"Ya nini, kaka? Ni matela ya Bwana Mukubwa. Uliiona ikiingia."

"Kuingia hapana kazi yangu. Yangu ni kutoka."

Wakaishusha watu wanne, wakalalamika: matela gani iko na uzito wa ng'ombe. Evariste akatwaa ile fimbo yake nyembamba ya chuma wanayochoma nayo magunia. Akachoma ubavuni. Ikalia. Akachoma pengine. Ikalia.

"Dada, iko nini mu matela?"

"Iko resore."

"Resore iko ya kamiyo."

Shofere akainamisha kichwa kwenye usukani, anacheka. "Angalia vizuri, kaka, labda na injini iko. Tutapanda nayo mpaka Masisi, hii yangu inakufaka mu mulima."

Evariste hakucheka. Alikuwa anabonyeza ubavuni kwa vidole gumba, pale ambapo sufu si nyingi, na uso wake ulibadilika.

"Dada. Iko mifuko."

"Mifuko gani?"

"Weka mukono."

Nikaweka. Na kweli. Kifuko, halafu kifuko, halafu kifuko, kimoja kimoja, vya muviringo, vimepangana. Kiwiko changu hakikuwahi kuvigundua, maana mimi nilikuwa napima kutoka juu. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sikujua, lakini mbele ya mulinzi kunyamaza ni kukubali. Nyinyi musinyamaze. Semeni lolote.

"Mama Josefu," akasema kwa sauti ya chini, "kimoja kikipita hapa, ni mimi wanafunga. Na mimi niko na watoto." Akachomoa kisu.

Alipasua ubavu mara moja, kutoka kona mpaka kona. Akatoa kifuko cha kwanza, cheupe, kimeshonwa pande zote. Akakipasua. Resore ikaruka ikamupiga kidevuni. Watu waliokuwa wakipita na mizigo yao wakasimama. Akapasua cha pili: resore. Cha tatu: resore.

"Basi umeona," nikasema. "Funga. Nitashona mimi."

"Hapana. Hizi za pembeni njo za kudanganya. Mali iko katikati."

Akapasua muto wa juu, sufu yote nyeupe ikatoka, na mvua ya Walikale ikaanza kama kwamba iliitwa. Katikati: resore. "Basi iko upande wa miguu." Upande wa miguu: resore. "Upande wa kichwa." Nilimuvuta shati. Nilimwambia Evariste, ni matela, ni matela tu, na yeye akasema, "Matela iko na majani, dada! Mimi pia ninalalaka!" Wakamusaidia watu wawili, halafu watano. Muzee mumoja muwindaji alitwaa resore, akaivuta, akaiachilia, akaivuta, akauliza kama inaweza kufanya mutego wa panya. Mama mumoja akamwambia mwenzake, "Tazama, muzungu analala juu ya mitego." Hakuna aliyebisha.

Walipomaliza, barabara ilikuwa imejaa vyuma na Evariste alikuwa amekaa kwenye tope, mikono juu ya magoti.

"Unieleze," akasema. "Nani anatwaa chuma, anatia mu mufuko, anashona, anafanya hivyo mia sita, anaweka sufu juu, halafu analala?"

"Sijui."

"Wewe njo ulichagua."

"Nilichagua. Sijui."

Kapita wake, mukubwa wa walinzi, akaandika ripoti. Hakuandika kwamba hakukutwa kitu. Aliandika alichokiona: mifuko mia sita iliyoshonwa, ndani ya matela, iliyosafirishwa na mwanamuke wa mashuka. Hayo yote ni kweli, na ndiyo yanayonichanganya. Hakuna neno la uwongo ndani ya karatasi ile, na karatasi yote ni uwongo.

Nilibeba vifuko vinne ambavyo kisu hakikuvifikia, nikavitia ndani ya kitambaa cha Josefu, nikapanda kamiyo.

Bwana Jerani aliniita siku niliyofika. Alisema yeye amelala juu ya resore tangu utoto wake. Resore zinafungwa kwa waya. Hakuna muntu duniani anayezitia kwenye mifuko. Kwa hiyo mifuko niliishona mimi. Nikauliza, ya kubeba nini, kama kila mumoja ulikuwa na resore? Akasema, ya kuzoea njia. Safari ijayo ningetia kitu kingine. Nikauliza, na mifuko mia sita niliiingiza saa ngapi, matela ikiwa chini ya Bwana Mukubwa? Akasema mimi ni fundi wa sindano. Nilisema Madame alisoma kitabu chake, aulizwe. Akasema Madame anaumwa kichwa. Halafu akafungua buku yangu, na ya kalamu munayajua. Josefu alifanya yake nilipomuweka mezani ili nifunge kitambaa.

Nilipotoka nilimukuta Madame barazani.

"Madame, kile kitabu cha matela ya tatu kiko wapi?"

"Kitabu gani, Veneranda?"

"Ulichokisoma mara tatu. Kinaonyesha resore zinazojitegemea."

Alimutazama Josefu, siyo mimi. "Sikumbuki kitabu chochote," akasema. "Wewe njo uliyechagua."

Wakati matela ilikuwa nzuri, alichagua yeye. Iliposhindwa kupita bariere, nilichagua mimi. Aliruka juu yake, tulicheka pamoja. Sikumuomba aniokoe, nilimuomba kitabu. Nimegeuza jambo hili kama shuka na sijapata upande wake wa ndani.

Ile ya vyuma nimeielewa, tena bila kitabu. Nilipanga vile vifuko mezani kwangu vimegusana, nikabonyeza kimoja. Vingine havikutikisika. Basi ni hivyo tu: kila resore ina nyumba yake, kwa hiyo ukikaa huku, kule hapajui. Nilimwita mume wangu aone. Akabonyeza, akasema "Kumbe!", halafu akasema niache mambo haya, wazungu hawafuti walichoandika, tuna shamba, tuna maharagi. Nikamwambia yeye ana buku yake safi, aniache na yangu.

Nikaandika mashitaka. Ya kwanza yalikuwa kurasa nane na matusi. Nikayachoma. Ya pili ni haya, na niliyapeleka mwenyewe ofisi ya teritware, kwa serikali. Karani akauliza mume wangu iko wapi. Nikasema iko shuleni, anafundisha, na buku haina jina lake. Akapokea. Nimeyanakili hapa neno kwa neno, maana na ninyi mutayahitaji siku moja.

*Kwa Bwana Administratere wa Teritware, Masisi.*

*Mimi Veneranda, mama ya Josefu, mutunza mashuka wa nyumba ya wageni ya kompani kwa miaka nane, naleta mashitaka juu ya maneno mawili yaliyoandikwa ndani ya buku yangu ya kazi na Bwana Jerani wa nyumba ile: kwamba mimi si mwaminifu, na kwamba sina akili ya kazi.*

*Matela iliyopasuliwa bariere ilitengenezwa Ulaya hivyo ilivyokuwa. Naweka mbele yako vifuko vinne vyake ambavyo havijafunguliwa. Mushono wake ni wa mashini: vuta uzi mwisho mumoja, wote unafunguka. Nyumba ya wageni haina mashini ya kushona na haijapata kuwa nayo. Naweka pia foronya niliyoishona kwa mukono wangu, ulinganishe. Naomba uvifungue wewe mwenyewe.*

*Naomba Madame aulizwe mbele yangu nani alichagua matela, kwa njia gani, na kitabu kilichokuja nayo kiko wapi.*

*Mulinzi wa bariere alifanya kazi aliyoamriwa. Simushitaki.*

*Siombi kurudi kazini. Kalamu niliichukua kweli na niliirudisha ikiwa nzima. Naomba kitu kimoja: maneno yote mawili yafutwe kwa mustari, na Bwana Jerani atie sahihi kando ya mustari huo.*

*Buku naiacha juu ya meza yako. Bila buku hakuna atakayeniajiri, na nikiwa nayo vile ilivyo hakuna atakayeniajiri vilevile, kwa hiyo kuiacha kwako hakunipunguzii kitu. Nitakuja kuiuliza kila asubuhi ya kazi, mulango ukifunguliwa.*

*Veneranda.*